Mzigo wa Wiki Tatu

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipofunga mzigo wa kwenda ng'ambo kwa wiki tatu. Mzigo ule na nguo nilizokuwa nimevaa ndivyo vitu pekee vya nyumbani kwetu nilivyobaki navyo maishani. Sasa ni mzee, na bado naweza kutaja kila kitu kilichokuwemo. Vile vilivyobaki kitandani naweza kuvitaja vizuri zaidi.

Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili, wiki moja baada ya Pasaka, mvua za masika bado zikinyesha. Parokia yetu ya Rumonge, upande wa Warundi, ilikuwa imepata barua kutoka kwa padri wa kijiji kimoja cha upande wa Tanzania, kwenye ufuko huu huu wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kigoma. Wanawake wa kule walikuwa wakijifungulia majumbani, na aliyepata shida alilazwa ndani ya mtumbwi na kupelekwa mbali. Walikuwa na mawe na mchanga wa kujengea chumba cha wazazi, lakini mafundi walikuwa hawatoshi. Tukajitolea watu wanane: wanaume watano wa kujenga, na wanawake watatu wa kupika na kuchota maji. Mimi niliongezewa kazi ya kushona magodoro na mapazia, kwa sababu nilikuwa mshonaji. Masista walinifundisha, na wakati ule nilikuwa nashonea kwenye baraza la duka la familia moja ya Kiarabu pale sokoni.

Mama hakuielewa safari hiyo. Alikuwa mjane, anakamua mawese, na mikono yake ilikuwa na rangi ya chungwa mpaka kwenye viwiko. Kila jioni aliniuliza upya kama kweli tutafanya kazi bure, na kama watu wa kule hawana mabinti wa kuwachotea maji. Nilimjibu kwa uvumilivu wa kijana anayejiona ameelimika. Leo ningemjibu kwa namna nyingine.

Kiongozi wetu alikuwa fundi mwashi aliyekaribia miaka sitini, mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amejenga Uvira, akajenga Kigoma, akajenga na Uganda, enzi ambazo mtu alikwenda kazini kwa miguu na kurudi baada ya miaka miwili. Siku kumi kabla ya safari alituita nyuma ya kanisa, akaweka mfuko wake wa turubai juu ya meza, akatoa kila kitu mbele yetu. Kulikuwa na mwiko wa kujengea, timazi, pima maji, suruali moja, mashati mawili, blanketi jembamba, bakuli la bati, kisu, kamba ndefu, sabuni ya kipande, kibiriti kilichofungwa ndani ya nailoni, vidonge vya kwinini. Halafu akavirudisha vyote kwa mpangilio ule ule, vizito chini na karibu na mgongo, na mfuko ukabaki mdogo kama mto wa kulalia.

Alisema kila mtu atabeba mzigo wake mwenyewe, wa mwanamke hautabebwa na mwanamume na wa kijana hautabebwa na mzee. Kitu kimoja kifanye kazi mbili. Kitenge ni nguo, ni shuka, ni ngata ya kichwani. Sufuria ni ya kupikia na ni ya kuogea. Kamba haina idadi ya kazi zake. Viatu viwe vile vilivyokwisha kuzoea miguu, visiwe vipya. Na chakula tusijaze, kwa sababu kule tunakokwenda watu wanakula, na mgeni anayebeba chakula chake chote anawatukana wenyeji.

Mwisho akatuambia kila mmoja achukue kitu kimoja cha moyo, kisichozidi ukubwa wa kiganja.

"Chochote," alisema. "Sitauliza kinafanya kazi gani."

Mafunzo ya kufunga mizigo niliyokuwa nayo mpaka siku ile yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mwaka wa uhuru, mama aliitwa kwenye nyumba ya Mzungu mmoja aliyesimamia mashamba ya michikichi. Familia ilikuwa inaondoka. Mama alifunga sahani kwenye magazeti siku nne mfululizo, nami nilikaa chini nikimpa karatasi moja moja. Kulikuwa na makasha ya mbao yaliyofika kifuani kwangu. Yule mama wa Kizungu alikuwa akiandika namba kwenye kila kasha, kisha anakaa juu yake, kisha anainuka, anafungua tena, anatoa kitu na kukitazama. Lori lilipokuja likawa dogo. Makasha matatu yakabaki barazani, na yeye akapanda mbele akilia. Watu wa Rumonge walikuwa wanacheza ngoma siku zile, bendera mpya ilikuwa inapepea penye komine, ofisi ya serikali ya pale, na mimi nilikuwa natazama makasha. Mama alipewa kiti cha matete. Ndicho tulichowakalishia wageni nyumbani tangu siku ile.

Kwa hiyo, kwa mama, safari ya ng'ambo ilikuwa kasha. Nilipomweleza habari ya mfuko mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaendelea kuandaa vitu kana kwamba sikusema neno. Asubuhi ya siku ya kujaribu mizigo nilikuta kitandani kwangu dumu la mawese, gunia dogo la ndagala, wale samaki wadogo wakavu, wa Minago, unga wa muhogo, blanketi zito la sufu alilonunua baba kabla hajafa, sufuria mbili, vitenge vinne, gauni langu la Krismasi, chupa ya maji ya baraka na kitana cha mbao alichokuwa akinisukia nywele tangu utotoni. Nilivifunga vyote. Sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Jaribio la fundi lilikuwa rahisi: kila mtu achukue mzigo wake kanisani, ateremke nao mpaka sokoni, apande nao tena bila kupumzika. Mimi nilipumzika mara nne. Mara ya nne niliketi ukingoni mwa barabara, watu wa soko wakiniuliza kama nimefukuzwa na mume. Rafiki yangu, msichana wa familia iliyotoka Kivu ya Kusini na kuuza samaki Gitaza, ambaye naye alikuwa mmoja wa wale wanawake watatu, alinipita akicheka, mfuko wake ukiwa umetulia mgongoni.

Fundi hakunicheka. Alinifuata mpaka nyumbani, akamwamkia mama, akakalishwa kwenye kile kiti cha matete. Akamwomba ruhusa ya kufungua mzigo.

"Fungua," mama alisema. "Lakini mutoto ni wangu. Akienda kwa watu mikono mitupu, watasema iko mutoto asiye na mama."

"Mama, mimi nitawaambia anaye."

"Wewe utawaambia. Lakini mawese yangu yangewaambia vizuri zaidi."

Fundi aliligeukia lile dumu. Nafikiri aliona kwamba mama ana haki. Wakakubaliana chupa moja ya mawese, iliyozibwa kwa nta na kufungwa kwenye kitenge, na ndagala wa kujaza bakuli moja. Vingine vikaanza kutoka. Dumu likatoka, unga ukatoka, sufuria zikatoka, na gauni la Krismasi nikalitoa mwenyewe kabla sijaambiwa. Blanketi la baba likatoka mwisho. Fundi alilipima kwa mkono, akasema ni zuri mno, na likilowa mvua litakuwa na uzito wa mtu. Ndani ya mfuko vikabaki vitenge viwili, blauzi mbili, kanga moja kuukuu ya kulalia, sabuni, bakuli, kisu, mkasi, sindano za aina tatu, kibati cha kidole cha kushonea, uzi mweupe na mweusi, kwinini, ile chupa na wale ndagala.

Mama akaninyooshea kitana cha mbao. Kilikuwa sawasawa na kiganja.

Nikamwambia ninacho kitana cha plastiki, chepesi zaidi, na wiki tatu si miaka mitatu. Nilisema hivyo kwa sababu fundi alikuwa pale na nilitaka anione kama mtu aliyefahamu somo. Mama akakiweka kitandani, juu ya blanketi la baba. Fundi alinitazama kana kwamba anataka kunikumbusha neno, kisha akaacha.

Siku ya kuondoka mama alinisindikiza mpaka ufukoni. Tulikuwa tunapanda boti ya mizigo ya mfanyabiashara mmoja aliyekubali kutubeba bure kwa ajili ya kazi yenyewe. Mama alimwamkia kila mmoja wetu, akamwambia rafiki yangu anichunge, akamwambia fundi Mungu amlinde. Lakini alikuwa ameacha mapipa motoni, na chikichi zikichemka kupita kiasi mafuta yanaharibika. Boti ilichelewa. Akaniaga mara ya pili na mara ya tatu, akaniambia, "Sasa mimi naenda, moto hauna mutu." Injini ilipowaka niligeuka kumpungia mkono, na nikauona mgongo wake ukipanda njia kati ya maduka. Nilikasirika kidogo. Niliona angeweza kusubiri.

Tulifika kabla jua halijazama. Kijiji kilikuwa kimebanwa kati ya mlima na maji, nyumba juu ya nyumba, na walitupokea kwa furaha iliyotutia aibu. Kiswahili chetu kiliwachekesha. Mimi nikisema "chumvi iko wapi, iko hapa, haiko," watoto walirudia nyuma yangu siku nzima. Walichokiita dagaa sisi tuliita ndagala, na siku ya kwanza tulibishana kwa upendo ni wapi wanakauka vizuri, mpaka nikafungua bakuli langu na mama mwenye nyumba tuliyofikia akaonja, akakubali kwamba wa kwetu ni wadogo lakini ni watamu. Chupa ya mawese niliitoa Jumapili. Mama mwenye nyumba aliiinua juu kwenye mwanga kutazama rangi yake, akauliza nani ameyakamua. Nikamwambia. Akasema, "Huyo anajua kazi." Nilitamani mama angelisikia neno lile.

Kazi ilikuwa ngumu na nzuri. Wanaume walipandisha ukuta mstari kwa mstari, fundi akishusha timazi yake na kungoja itulie kabla hajasema ndiyo. Sisi tulibeba maji na udongo. Mchana nilishona magodoro ya maganda ya mahindi chini ya paa la jirani, kwa mkono, na kile kibati cha kidole kiliniokoa. Kila kitu nilichobeba nilikitumia kila siku. Wa kunishangaza alikuwa rafiki yangu. Wiki ya kwanza ilipokwisha iligundulika kwamba ndani ya mfuko wake uliotulia alikuwa amebeba pasi ya makaa, ya chuma kabisa, ameizungushia sketi. Fundi aliishika, akaipima, akamuuliza alifaulu vipi lile jaribio la sokoni. Alijibu kwamba ana mgongo wa kwao. Ndiyo mara pekee niliyomwona yule mzee akicheka mpaka akakaa chini.

Jioni nilizoea kuketi ufukoni kutazama milima ya Kongo. Ilikuwa ile ile ya nyumbani, lakini imesogea. Ule mlima mrefu ambao kwetu unakaa mbele ya mlango, huku ulikuwa mbali kuliani, umegeuza bega. Nilimwonyesha rafiki yangu, akasema tutaurudisha mahali pake baada ya siku tisa. Tulikuwa tunahesabu.

Wiki ya tatu ilipoanza, asubuhi moja ulifika mtumbwi kutoka kaskazini wenye watu saba. Mwanamume mmoja, wanawake wawili, watoto wanne. Hawakuwa na kitu, hata kasia lilikuwa moja. Tulidhani wamezama na kuokolewa. Yule mwanamume alipoulizwa wametoka wapi alisema upande wa Nyanza, kusini ya Rumonge, halafu akakaa na kufunika uso kwa mikono. Mchana ilifika mitumbwi mingine mitatu. Kesho yake hatukuweza kuhesabu.

Yaliyotokea nyumbani siku zile sikuyaona, na sitayasimulia kama mtu aliyeyaona. Nilichoona ni waliofika. Watu wenye silaha walikuwa wamepita, kisha wengine wenye silaha wakapita, na watu wa kawaida waliuawa mara ya kwanza na wakauawa mara ya pili. Kila mtumbwi ulikuwa na habari yake, na habari hazikufanana, ila zote zilikuwa na jina la Rumonge ndani yake.

Ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha. Kazi ikasimama. Tukawa tunaingia majini mpaka magotini kupokea watu, na kila nilipompokea mtu nilimuuliza swali lile lile, kama amemwona mwanamke fulani, mkamuaji wa mawese, anayekaa juu ya soko. Watu walitikisa kichwa. Wengine hawakunisikia kabisa.

Siku ya nne fundi aliamua kurudi. Alikuwa na mke na mabinti wawili Rumonge. Alitafuta mvuvi wa kumvusha usawa wa mpaka, na mvuvi akakubali kumfikisha karibu tu. Aliuchukua mfuko wake wa turubai, akaumwaga tena kama siku ile nyuma ya kanisa. Mwiko, timazi na pima maji akampa fundi kijana wa kundi letu, akamwambia amalize ukuta na asiharakishe kona. Blanketi akampa mwanamke mjamzito aliyefika jana yake. Yeye akabaki na shati alilovaa, kisu na chupa ya maji.

Mimi nilikuwa nimekwisha kufunga mfuko wangu. Nilimfuata mpaka kwenye mtumbwi.

"Mimi pia naenda," nilimwambia.

"Hapana."

"Ni mama yangu, fundi. Iko peke yake."

Alinishika bega. Mkono wake ulikuwa na chokaa kavu kwenye mikunjo.

"Wewe unataka kumfuata mama yako," alisema. "Na kama yeye iko njiani anakufuata wewe? Atafika hapa akute nani?"

Nilitua mfuko wangu mchangani. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na swali lile bado ninalo. Alipanda, mvuvi akasukuma, na huyu sikumwacha kwa macho mpaka mtumbwi ulipokuwa doa. Hakurudi. Mke wake na binti mmoja walifika kijijini mwezi uliofuata kwa njia ya milimani. Hawakuwa wamekutana naye.

Nikabaki. Rafiki yangu alitoa pasi yake, tukawasha makaa, tukawa tunapiga pasi nguo za watu wanaofika, kwenye mishono, kwa sababu chawa walikuwa wamejaa na sabuni ilikuwa imekwisha. Alipiga pasi asubuhi mpaka jioni, mkono ukavimba. Magodoro niliyoshonea chumba cha wazazi yalitandikwa chini ya miti kabla chumba hakijapata paa. Mtoto wa kwanza alizaliwa juu ya mojawapo, wa yule mama aliyepewa blanketi la fundi. Kitenge changu kimoja kilimfunga mtoto yule, na cha pili nilikikata vipande vya kufungia vidonda. Uzi mweusi ulikwisha, kisha mweupe. Nikawa nafumua ncha za kanga yangu kupata uzi.

Baada ya wiki kama tano alifika mwanamke niliyemfahamu. Alikuwa akiuza muhogo pale sokoni, mita chache kutoka kwenye cherehani yangu. Nilimshika mikono miwili. Akanijibu bila kuulizwa.

"Mama yako nilimwona. Alikuwa anapanda njia ya Bugarama, kwa dada yake. Alikuwa na godoro kichwani."

"Godoro?"

"Godoro, na sufuria, na blanketi mgongoni. Watu walimwambia atupe, akakataa."

Nilicheka. Nilicheka mpaka watu wakageuka kunitazama, na rafiki yangu akaja kunishika kwa sababu kicheko kilikuwa kimegeuka. Mwanamke yule hakujua kama mama alifika. Alimwona akipanda, basi.

Tangu siku ile nilianza kuvitaka vitu nilivyoviacha. Kutaka kwenyewe kulikuwa kwa mwili, kama njaa. Nilitaka blanketi la baba kwa sababu mvua za kule zilikuwa baridi, lakini hata jua lilipowaka nililitaka. Nilitaka kile kitana. Cha plastiki kilivunjika meno mwezi wa saba na nikakitupa ziwani kwa hasira ambayo hata mimi ilinishangaza. Usiku nywele zikiniwasha nilikumbuka mkono wa mama ukizigawa, magoti yake yakibana mabega yangu, harufu ya mawese ambayo haikumtoka hata siku ya Krismasi. Wenzangu walikuwa na kitu chao cha moyo. Rafiki yangu alikuwa na kipande cha kioo. Fundi kijana alikuwa na gololi. Mimi peke yangu sikuchukua, kwa kuwa nilitaka kusifiwa na mzee.

Miaka miwili ilipita. Rafiki yangu alivuka kwenda Kongo kwa jamaa zake, akaolewa, akaniandikia barua mbili. Chumba cha wazazi kilimalizika na mimi nikaajiriwa pale kushona na kufua. Wachuuzi wa samaki walikuwa wameanza tena kupita mpaka, na kila mmoja niliyesikia anakwenda kaskazini nilimpa ujumbe: yeyote anayefika Bugarama amuulizie. Wengi hawakurudi na jibu. Mmoja alirudi. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, akatua kapu, akasema amekutana na mwanamke mkubwa, mikono ya rangi ya chungwa, amemwambia habari zangu.

"Akasema nini?" nilimuuliza.

"Kwanza akanishika hapa, kwenye mkono, muda mrefu. Halafu akasema, mwambie niko. Mwambie asije sasa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi na mama, kwa vinywa vya wachuuzi. Neno lilichukua miezi mitatu kwenda na miezi mitatu kurudi, na mara nyingine lilifika limepungua. Nilimpelekea habari ya kuolewa kwangu na mvuvi wa kijiji kile, mtu mpole. Akanirudishia swali: ana mama? Nilimpelekea habari ya mtoto wa kwanza. Akataka kujua anafanana na nani, na niliwaza siku tatu jinsi ya kueleza uso wa mtoto kwa namna ambayo mchuuzi angeweza kuukumbuka. Nilisema ana masikio ya babu yake. Kila mwaka nilisema mwaka ujao nitakwenda, na kila mwaka kulikuwa na mimba, au karatasi, au habari mbaya kutoka mpakani, au yeye mwenyewe anasema bado. Mwaka wa nane mchuuzi mwingine alileta ujumbe ambao haukutoka kwa mama. Alikuwa ameugua tumbo kwa muda mfupi. Nilipoambiwa, alikuwa ameshalala kaburini miezi minne. Kwa miezi minne ile nilikuwa nimeendelea kumwaza akiwa hai, akipepeta, akigombana na moto, na wazo lile halikunidhuru kitu.

Nilirudi nikiwa na wajukuu. Nilikwenda peke yangu, kwa basi mpaka mpakani na kwa gari la abiria mpaka Rumonge, barabara ikifuata maji, ndagala wametandazwa pembeni kama zamani. Wanafunzi wa kike niliowauliza njia walinijibu kwa Kifaransa na Kirundi, kisha wakaambiana kwamba bibi huyu anaongea kama Mtanzania. Mahali palipokuwa na nyumba yetu pana nyumba nyingine ya matofali. Mwenye nyumba, mwanamke wa umri wa binti yangu, aliniona nimesimama, akaniuliza namtafuta nani. Nilisema nimepotea njia. Akanipa maji, akanikalisha barazani, na nikautazama mlima ule mrefu wa Kongo mbele ya mlango wake, mahali pake. Nilimwambia murakoze, asante ya kwetu, nikaondoka kabla hajaniuliza jambo lingine.

Kesho yake nilipanda Bugarama. Mtoto wa dada yake mama, naye mzee sasa, alinipeleka kwenye kaburi. Ni tuta tu, limezungukwa na mihogo, na majani yalikuwa yameliingia. Tukaanza kung'oa pamoja, yeye upande wa kichwa na mimi upande wa miguu. Baada ya muda akasema, bila kuinua macho, kwamba mama hakuwahi kuikosa siku ya soko Rumonge. Mambo yalipotulia alianza kushuka, mwendo wa saa nyingi, hata akiwa hana mawese ya kuuza.

"Alikuwa anakwenda kuuliza mitumbwi," alisema. "Yote inayotoka kusini. Mpaka wavuvi wakawa wanamcheka kidogo, halafu wakaacha kumcheka."

"Alikuwa anauliza nini?"

"Kama iko msichana mushonaji kule. Kama anakula."

Niliendelea kung'oa. Udongo ulikuwa mwepesi, mvua ilikuwa imenyesha, na mizizi ilitoka bila kukatika. Tulipomaliza jua lilikuwa limepanda, tukasogea kwenye kivuli cha mihogo, na ndugu yangu akachimba mmoja, akaumenya, tukaula mbichi, kila mtu nusu.